Jinsi ya kuandika muundo na historia ya halmashauri ya wilaya yako

Wasifu wa halmashauri nyingi za wilaya Tanzania Bara huanza na sentensi hii: "Halmashauri ilianzishwa mwaka 1984 kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982." Kwa halmashauri iliyomegwa miaka ya karibuni, hilo ni kosa la wazi. Kwa halmashauri kongwe ni ukweli nusu. Wilaya hiyohiyo ilikuwa na halmashauri kabla ya hapo, yenye madiwani, hazina na shule zake, ikafutwa mwaka 1972, kisha ikarudishwa. Anayeruka pengo hilo hawezi kueleza kwa nini leo mkurugenzi huteuliwa na Rais ilhali mwenyekiti huchaguliwa na madiwani, wala kwa nini wazee wa kijijini husema "enzi za halmashauri ya zamani" wakiwa na maana tofauti kabisa na unayoifikiria wewe.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mtendaji, mwandishi wa habari, mwanafunzi au mwananchi yeyote anayetaka kuandika kurasa chache za kuaminika kuhusu halmashauri yake: ina nani, inafanya nini, imetoka wapi. Unahusu Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria yake ya serikali za mitaa, na Kenya mabaraza ya aina hii yalikoma mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi.

Tenganisha majina kabla ya kuandika neno

Chukua karatasi, chora mistari mitatu. Wa kwanza andika wilaya, wa pili halmashauri, wa tatu jimbo. Hivi ni vitu vitatu vyenye waanzilishi watatu tofauti. Wilaya ni eneo la utawala wa Serikali Kuu, na mwenye mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya ni Rais. Halmashauri ni serikali ya mitaa, yaani chombo chenye uhai wake kisheria: kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kumiliki mali na kuingia mikataba. Huanzishwa kwa amri ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, inayotangazwa katika Gazeti la Serikali. Jimbo ni eneo la kumchagua mbunge, na hugawanywa na Tume ya Uchaguzi. Kwa hiyo una tarehe tatu za kutafuta, na ni nadra zote zikalingana.

Mfano mzuri ni Arumeru. Kuna Wilaya ya Arumeru na mkuu wa wilaya mmoja, lakini ndani yake mna halmashauri mbili: Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Ukiandika leo "Halmashauri ya Wilaya ya Arumeru" umetaja chombo kilichokuwapo zamani kabla ya kugawanywa. Bagamoyo nako hivyohivyo: wilaya moja, halmashauri mbili, ya Bagamoyo na ya Chalinze. Kabla ya kuendelea, hakikisha unajua wilaya yako ina halmashauri ngapi na ni za aina gani, kwa sababu mji uliopandishwa hadhi hutoka kwenye halmashauri ya wilaya na kuondoka na kata zake pamoja na mapato yake. Halmashauri zote za Bara ni 184, na nyingi kati yake ni za wilaya. Zilizobaki ni za miji, manispaa na majiji.

Tarafa iandike pembeni. Afisa tarafa yuko chini ya mkuu wa wilaya, na tarafa haina baraza lake. Wengi huiingiza kwenye ngazi za halmashauri kati ya kata na wilaya, na mchoro mzima unapinda.

Kuhesabu wajumbe wa baraza

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, ambayo ndiyo ile Sheria Na. 7 ya 1982. Baraza la madiwani linaundwa hivi: diwani mmoja wa kuchaguliwa kutoka kila kata, mbunge au wabunge wa majimbo yaliyomo katika halmashauri, na madiwani wanawake wa viti maalum wasiopungua theluthi moja ya jumla ya makundi hayo mawili. Wabunge wa viti maalum nao huingia kwenye mabaraza kama wajumbe. Uliza ofisi ya mkurugenzi kama yupo aliyepangwa kwenu.

Fanya hesabu mwenyewe kisha uilinganishe na orodha ya ofisi. Tuseme halmashauri ina kata 26 na jimbo moja. 26 jumlisha 1 ni 27. Theluthi yake ni 9. Hivyo baraza lina wajumbe 36 kabla ya kumhesabu mbunge wa viti maalum. Ikiwa kata ni 22 na jimbo moja, jumla ni 23 na theluthi yake ni 7 na ushee. Kwa kuwa sheria inasema wasipungue theluthi, unapanda hadi 8. Ukipata tofauti na orodha ya ofisi, usikimbilie kusema ofisi imekosea. Mara nyingi sababu ni diwani aliyefariki na uchaguzi mdogo haujafanyika, au kata mpya ilitangazwa baada ya uchaguzi na haijapata diwani wake.

Diwani wa viti maalum hana kata. Wapo wanaomwandika "Diwani wa Kata ya fulani, Viti Maalum" kwa sababu anaishi hapo, futa. Mwandike kwa jina lake na "Viti Maalum", basi. Viti hivyo hugawiwa kwa vyama kulingana na kata ambazo kila chama kimeshinda, ndiyo maana mgawanyo wake hufuata matokeo ya kata.

Mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao na hukaa miaka mitano. Makamu wake huchaguliwa kila mwaka. Ukikuta jina la makamu kwenye wasifu wa miaka mitatu iliyopita, usilinakili kabla ya kuulizia.

Nani ni nani

Watu watatu huchanganywa kila siku, hata kwenye taarifa za habari. Mwenyekiti wa halmashauri ni mwanasiasa, kiongozi wa baraza. Mkurugenzi mtendaji, ambaye mtaani anaitwa DED, ni mtumishi wa umma aliyeteuliwa na Rais. Ndiye mkuu wa watumishi wa halmashauri na katibu wa baraza, na hana kura. Mkuu wa wilaya, yaani DC, ni mwakilishi wa Serikali Kuu, mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na si mjumbe wa baraza. Huhudhuria kama mgeni, huombwa kusema neno, na neno lake lina uzito, ila halihesabiwi kwenye kura. Ukiandika "Halmashauri chini ya Mkuu wa Wilaya" umebatilisha ukurasa mzima.

Chini ya mkurugenzi wapo wakuu wa divisheni na vitengo. Kabla ya muundo mpya wa mwaka 2022 zilikuwa idara na vitengo, na mihtasari ya zamani itasema "Mkuu wa Idara ya Elimu Msingi". Liache jina kama lilivyo kwenye muhtasari wa wakati ule. Ukilibadilisha, anayefuatilia nyaraka atapotea.

Kamati, vikao na namna ya kusoma muhtasari

Kazi kubwa ya baraza hufanyika kwenye kamati za kudumu. Halmashauri ya wilaya kwa kawaida ina Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, na Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Ipo pia Kamati ya Kudhibiti UKIMWI na ya Maadili. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, hizo nyingine kila miezi mitatu, na baraza lenyewe hufanya mkutano wa kawaida kila miezi mitatu.

Jambo likitoka kwa wataalamu huanzia kwenye timu ya menejimenti, huingia kamati inayohusika, kisha hupelekwa barazani. Chukua zahanati iliyokwama kwenye lenta. Mkuu wa divisheni ya afya anaandaa taarifa, menejimenti inaipitia, Kamati ya Elimu, Afya na Maji inakwenda kuikagua na kutoa mapendekezo, Kamati ya Fedha inatazama kasma, yaani fungu la fedha kwenye bajeti, baraza linaazimia. Anayesikiliza baraza tu ataona jambo limepita ndani ya dakika mbili na kudhani madiwani hawakujadili. Mjadala umebaki kwenye muhtasari wa kamati, utafute huko.

Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Fika mapema, jiandikishe mlangoni, kaa kwenye viti vya wageni waalikwa, usizungumze. Madiwani utawatambua kwa majoho. Utaratibu uliozoeleka ni siku ya kwanza kupokea taarifa za kata, ambapo kila diwani anasimama kuwasilisha ya kwake, na siku ya pili kupokea taarifa za kamati. Kwa mtafiti, siku ya kwanza ina mali zaidi: ndipo unaposikia idadi ya matundu ya vyoo shuleni, daraja lililosombwa, mtendaji aliyehama na kata kukaa bila mtu. Wakati mwingine mwenyekiti atatangaza kwamba baraza linajigeuza kuwa kamati. Hapo wageni hutoka, kwa kawaida ni masuala ya nidhamu ya watumishi, na unarudi ukiitwa.

Muhtasari usome kwa mpangilio huu. Anza na mahudhurio: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa. Diwani anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa anahatarisha kiti chake, hivyo orodha hii ni ushahidi wa kisheria. Pia ni mahali pa uhakika pa kupata majina yaliyoandikwa sawasawa. Kisha ruka hadi "Yatokanayo na muhtasari uliopita". Huko ndiko utakakoona jambo moja likisogezwa mkutano hadi mkutano, kila mara na maelezo "utekelezaji unaendelea". Halafu ndipo urudi kwenye maazimio.

Angalia robo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, na mkutano unaoijadili hufanyika baada ya Septemba. Ukiandika kwamba "mkutano wa Novemba" ulijadili mambo ya Novemba, tarakimu zako zote zitakuwa za robo isiyo yake.

Uko pia mkutano maalumu wa kujadili hoja za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambao wenyewe huuita baraza la hoja. Ukipata nafasi ya kuhudhuria mkutano mmoja tu kwa mwaka, chagua huu. Utasikia hati ya ukaguzi ambayo halmashauri imepewa, hoja zilizofungwa na zile zinazojirudia, na mkurugenzi akijibu mbele ya madiwani.

Kuomba nyaraka

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kinachoharibu maombi mengi ni upana. Barua inayosema "naomba taarifa zote za halmashauri" itakaa kwenye faili. Andika hivi: "Ninaomba nakala ya muhtasari wa mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani wa robo ya tatu ya mwaka wa fedha 2023/2024, orodha ya kata, vijiji na vitongoji vilivyopo sasa, na nakala ya Tangazo la Serikali lililoanzisha halmashauri." Mwelekeze barua mkurugenzi mtendaji, peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Siku 30 huhesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.

Ngazi za chini, kwa ufupi lakini bila kuruka

Kila kijiji kina mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Wanawake wasipungue robo. Mtendaji wa kijiji ni katibu. Kwenye kata ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, KAMAKA, inayoongozwa na diwani, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Mtendaji wa kata ndiye katibu.

Hapa kuna makosa mawili ya kukwepa. La kwanza ni kuita KAMAKA "serikali ya kata". Kata si serikali. Haina mkutano mkuu wala sheria ndogo zake. Kijiji ndicho serikali, na kinaweza kutunga sheria ndogo, zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo za halmashauri ya wilaya zenyewe hupelekwa kwa Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali ndipo zianze kutumika. La pili ni kuchanganya chaguzi. Viongozi wa vijiji na vitongoji huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa: 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Madiwani, tangu mwaka 2000, huchaguliwa siku moja na Rais na wabunge: 2000, 2005, 2010, 2015, 2020, 2025. Anayeandika "madiwani waliochaguliwa 2019" amekosea, isipokuwa ni uchaguzi mdogo.

Fedha na kazi zilizohamishwa

Kwenye mapato tenganisha ruzuku ya Serikali Kuu na mapato ya ndani. Katika halmashauri nyingi za wilaya ruzuku, hasa mishahara, ni kubwa kuliko mapato ya ndani kwa mbali, kwa hiyo bajeti ya mabilioni haina maana kwamba baraza lina mabilioni ya kupanga litakavyo. Vyanzo vya ndani vya kuvitazama ni ushuru wa mazao, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni, masoko, minada na machinjio. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ukilinganisha makusanyo ya kabla na baada ya hapo bila kusema hivyo, utamlaumu mkusanyaji asiye na kosa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa 2024, kwa hiyo pengo kwenye jedwali lako la miaka hiyo lina sababu.

Kisha andika kile ambacho halmashauri haifanyi tena. Barabara za wilaya zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji vijijini yalihamia RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019, ingawa jina "Maji" limebaki kwenye kamati. Madiwani bado huhoji mameneja wa taasisi hizo barazani, na wananchi bado humlilia diwani kwa barabara mbovu, ila fedha na mafundi hawako kwa mkurugenzi. Aya moja inayosema hivyo itamsaidia msomaji wako kuliko kurasa mbili za dira na dhamira.

Historia: rudi nyuma hatua kwa hatua

Usianze na enzi za kale kuja leo. Anza na tangazo la mwisho la mipaka, kisha rudi. Kila hatua uliza swali moja: eneo hili wakati huo liliitwaje, na lilikuwa chini ya nani?

Tabaka la juu ni la 1984 hadi leo. Sheria Na. 7 ya 1982 ilitungwa pamoja na Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha, na halmashauri zikaanza kazi Januari 1, 1984. Ibara za 145 na 146 za Katiba zikazipa msingi. Hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mabaraza yalikuwa ya chama kimoja. Mwaka 1998 ikatoka sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na maboresho yaliyofuata ndiyo yaliyoleta mengi unayoyaona leo kwenye mpangilio wa ofisi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ambayo watu waliiita kodi ya kichwa, ikafutwa. Katika tabaka hili ndipo kumegana kulikuwa kwingi, na mkoa nao unaweza kubadilika. Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo ikiwa Kagera, kisha nayo ikahamia Geita. Anayetafuta nyaraka za Bukombe za miaka ya 1990 kwenye masanduku ya Geita atarudi mikono mitupu.

Tabaka la pili ni Madaraka Mikoani, 1972 hadi 1983. Halmashauri za wilaya za vijijini zilifutwa mwaka 1972, na za miji zikafuata. Zilikuwa zimeshadhoofika, kwani vyanzo vyao vikuu vya kodi vilikwishaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mahali pao pakaja baraza la maendeleo la wilaya na mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya, wakiwa sehemu ya Serikali Kuu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ikakipa kijiji sura ya kisheria, ndiyo maana vijiji vingi vina hati kongwe kuliko halmashauri iliyopo. Halmashauri za miji zilirudi mapema, mwaka 1978, baada ya taka, maji machafu na kipindupindu kuonyesha kilichopotea. Vijijini wakasubiri hadi 1984. Cheo cha mkurugenzi kilizaliwa ndani ya tabaka hili, kikiwa cha Serikali Kuu, na halmashauri zilipofufuka kilibaki. Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo kuhusu mkurugenzi na mwenyekiti.

Tabaka la tatu ni halmashauri ya kwanza. Sheria ya mwaka 1953, Sura ya 333, iliruhusu mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, na yakaanzishwa taratibu, kila mahali kwa tarehe yake. Palikuwa na ukinzani. Geita mwaka 1958 wananchi walilikataa baraza la mchanganyiko wa rangi waliloletewa, wakaandamana hadi Mwanza. Baada ya Uhuru, tawala za wenyeji zikageuzwa kuwa halmashauri za wilaya, na mwaka 1963 madaraka ya kisheria ya machifu yakafutwa.

Chini yake kuna tawala za wenyeji zilizoundwa na sheria ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Chifu alikuwa na baraza, mahakama na hazina ya wenyeji iliyolipa mishahara, shule na zahanati kutokana na mgawo wa kodi. Kabla ya hapo ni utawala wa Wajerumani na maakida wao, yaani maofisa waliowekwa kusimamia vijiji.

Maneno yanayogeuka maana

Hapa wengi huteleza kwa sababu Kiswahili cha nyaraka ni kilekile tunachokitumia, ila maneno yamehama. "Jimbo" kwenye barua ya mwaka 1950 ni eneo kubwa kama Jimbo la Kaskazini au Jimbo la Ziwa, lenye wilaya kadhaa. Majimbo hayo ndiyo yaliyogawanywa yakawa mikoa. "Bwana Shauri" ni ofisa wa Kiingereza wa wilaya, na "boma" ni ofisi yake. "Jumbe" ni kiongozi wa kijiji au mji, usimsome kama "mjumbe". Na ukiwa Pwani kuwa mwangalifu na "diwani" lenyewe: kwenye Mrima na Vumba, sehemu za mwambao, hiki kilikuwa cheo cha watawala wa miji karne nyingi kabla ya kura. Ukikuta diwani wa Bagamoyo kwenye maandishi ya karne ya 19, huyo si mwakilishi wa kata.

Mahali pa kutafuta

Gazeti la Serikali ndilo cheti cha kuzaliwa. Andika nambari ya Tangazo, tarehe na mwaka, vyote vitatu. Tarehe ya tangazo, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya baraza la kwanza kukaa hutofautiana, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka. Ziweke kwenye safu tatu, usichague moja uipendayo.

Nyaraka za Taifa, zilizoko Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya wilaya na majimbo ya kikoloni pamoja na Vitabu vya Wilaya, ambavyo maofisa wa Kiingereza waliandika mambo ya machifu, mipaka, mila na kodi za kila boma. Kumbukumbu za Serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Vitabu hivyo vina mali nyingi, lakini viliandikwa na mtu aliyekuwa akitafuta chifu wa kumtumia. Orodha ya machifu wa ukoo mmoja iliyonyooka sana ipeleke kwa wazee wa koo nyingine kabla ya kuichapa.

Kwa mipaka na watu tumia sensa: 1948, 1957, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Weka jedwali la kata kwa kila sensa kuanzia 1988. Idadi ya watu wa halmashauri ikishuka ghafla kati ya sensa mbili, tafuta kwanza halmashauri iliyomegwa kabla ya kutafuta njaa au uhamaji.

Wazee ulize kwa matukio. Ukiuliza "halmashauri ilivunjwa mwaka gani?" utapata mwaka wowote. Uliza: kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kodi ulilipa kwa nani? Wakati wa vita vya Kagera, shule ilijengwa na nani? Karani alikaa jengo lipi? Mwombe akuonyeshe stakabadhi ya kodi kama anayo. Karatasi hiyo ndogo huwa na jina kamili la mamlaka iliyoitoa na tarehe, na mara nyingi hufuta ubishi wa kurasa nzima. Ipige picha pande zote mbili, mrudishie palepale.

Kuandika sentensi ya kuanzishwa

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya mwanzo. Kwa halmashauri kongwe iandike kwa umbo hili, ukijaza ulichothibitisha: "Eneo hili lilikuwa chini ya tawala za wenyeji tangu mwaka ..., likapata halmashauri ya wilaya mwaka ..., iliyofutwa mwaka 1972 chini ya Madaraka Mikoani. Halmashauri ya sasa ilianzishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982 na kuanza kazi Januari 1, 1984. Mwaka ... ilimegwa kwa Tangazo la Serikali Na. ... na kubaki na kata ..." Kwa iliyomegwa, anza na mama yake: jina la halmashauri ilikotoka, nambari ya tangazo, kata ilizoondoka nazo, na siku baraza lake la kwanza lilipokaa.

Weka tarehe ya kukusanya taarifa juu ya kila jedwali, hasa la madiwani na la kata. Ukimaliza, chapa nakala tatu: moja masjala ya halmashauri, moja maktaba ya shule ya sekondari iliyo karibu, na moja kwa mtendaji wa kata. Kwenye nakala ya mtendaji acha kurasa mbili tupu mwishoni, za kuandikia uchaguzi mdogo, kata mpya na makamu mwenyekiti wa kila mwaka.